Bonaire ni Uholanzi lakini si Ulaya: mambo yanayochanganya watu wakipanga safari ya kuzamia

Ukimwambia mtu unataka kwenda likizo Bonaire, swali la kwanza ni hiyo iko wapi, la pili ni viza yake ni ya nani, na hapo kwenye la pili ndo watu wanaanza kupotezana. Mmoja atakwambia nenda na Schengen tu, ile viza ya Ulaya, ni Uholanzi hiyo, mwingine atasema hapana ni nchi huru, wa tatu anasema beba yuro, na wote watatu wamekosea. Alafu kuna wale wanaodhani ukishafika ni mchanga mweupe na minazi na mtu anakuletea madafu, nao watashangaa. Ngoja tuifungue taratibu, tuanze na karatasi, alafu tuingie majini maana huko ndo kwenye utamu.

Bonaire ni kisiwa kidogo, kama kilomita za mraba 288 hivi, hata Mafia ni kubwa kuliko yeye. Kipo kusini kabisa mwa bahari ya Karibiani, karibu kilomita 80 tu kutoka pwani ya Venezuela, na pamoja na majirani zake Aruba na Curaçao vinaitwa visiwa vya ABC. Mji mkuu ni Kralendijk. Watu wanaongea Kipapiamentu, Kiholanzi ndo cha serikali, na Kiingereza na Kihispania vinapita kila mahali kwa hiyo huwezi kukosa wa kuelewana naye.

Sasa hili la Uholanzi. Uchukulie Ufalme wa Uholanzi kama boma moja lenye nyumba nne. Nyumba kubwa ni Uholanzi yenyewe, nyingine tatu ni Aruba, Curaçao na Sint Maarten, kila moja ina jiko lake na mkubwa wake ila boma ni moja na mfalme ni mmoja. Sasa ile nyumba kubwa ina vyumba vitatu vilivyojengwa mbali, ng'ambo ya uwanja: Bonaire, Saba na Sint Eustatius. Hivyo ni vyumba vyake kabisa, si vya jirani, ila ufunguo wa mlango wa mbele haufungui huko. Mambo yalipangwa hivi tarehe 10 Oktoba 2010 pale Antili za Kiholanzi, yaani muungano wa visiwa vya Kiholanzi vya Karibiani, zilipovunjwa, Bonaire ikawa manispaa maalumu ya Uholanzi. Yaani mtu wa Bonaire ni raia wa Uholanzi, pasipoti yake ni ya Uholanzi, lakini kisiwa chenyewe hakimo ndani ya Umoja wa Ulaya wala ndani ya Schengen. Na hela siyo yuro, ni dola ya Marekani, tangu tarehe 1 Januari 2011. Ukibeba yuro zako utakuwa umejitafutia kazi ya kubadilisha tu.

Kwa hiyo viza ya Schengen ni ya kuingia Ulaya, kwa Bonaire kuna viza yake inaitwa viza ya Karibiani, unaiombea kwenye ubalozi wa Uholanzi huohuo lakini ni ombi tofauti, na uzuri wake ukishapewa inakubalika kwenye visiwa vyote sita vya ufalme. Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya wanaihitaji. Kuna misamaha, wale ndugu zetu wanaoishi Ulaya, Marekani, Kanada au Uingereza wakiwa na kibali halali cha kuishi mara nyingi hawaombi kabisa, ila kibali cha kuishi na viza ya kutembea ni vitu viwili, na hapo ndo wengi wanajichanganya. Orodha ya misamaha inabadilika, kwa hiyo isome kwenye tovuti ya serikali ya Uholanzi kabla hujalipia tiketi.

Njia nayo ina mtego wake. Ukipitia Amsterdam, KLM wana ndege ya kwenda Bonaire, ni kama saa tisa au kumi angani, na kwa kuwa unatoka nje ya Schengen na kwenda nje ya Schengen unaweza kubadilisha ndege bila kuingia Uholanzi. Lakini mwenye pasipoti ya Kongo ya Kinshasa anatakiwa awe na viza ya kupita eapoti hata kama hatoki nje ya geti, vivyo hivyo Msomali na Muethiopia. Ukipitia Marekani, kule Atlanta au Miami au Houston, ndege zipo na kwa wanaoishi huko ndo njia ya mkato, ila Marekani hawajui habari ya kupita tu, hata saa mbili za kusubiri ndege zinataka viza yao. Kuna watu wamenunua tiketi ya bei poa kupitia Miami alafu wakakwama kaunta ya kwanza kabisa. Beba na kadi yako ya homa ya manjano, haina uzito.

Na ukishaingia kuna kodi ya mgeni dola 75, unalipia mtandaoni kabla au ukifika. Hiyo usiichanganye na ada ya mazingira ya dola 40, tutaifikia.

Haya, tuseme umefika. Kitu cha kwanza utakachokiona ni ukavu, dungusi kila upande, punda wanazurura barabarani, mbuzi, upepo hauishi. Wale waliokuja kwa picha za Karibiani za kwenye kalenda wananuna hapo. Fukwe za mchanga zipo chache na ndogo, pwani nyingi ni mawe ya matumbawe yaliyokufa, yanakata mguu. Ukitaka kulala ufukweni wiki nzima nakwambia ukweli baki Nungwi au Diani, utapata mchanga mzuri zaidi kwa hela kidogo sana. Bonaire inauza kitu kingine.

Inachouza ni kuzamia kutoka nchi kavu. Kwetu mara nyingi ukitaka kuzamia na mtungi unapanda boti, iwe Mnemba, iwe Pemba, iwe Watamu, mnaondoka asubuhi kikundi, kiongozi anawaambia mruke saa ngapi na mtoke saa ngapi, na kila kitu kinategemea maji, bamvua ikiwa kali mkondo unakubeba kama jani. Bonaire kupwa na kujaa ni kudogo mno, hata nusu mita haifiki, na upande wa magharibi wa kisiwa umekingwa na upepo kwa hiyo bahari imetulia karibu mwaka mzima. Alafu mwamba wenyewe wa matumbawe umeganda pembeni kabisa ya kisiwa: unaingia majini, unaogelea mita thelathini, hamsini hivi, sakafu inakuwa mita kumi, na hapo mwamba unaanza kushuka kama mteremko kwenda mita thelathini na zaidi. Huhitaji boti, huhitaji kiongozi, huhitaji kuangalia jedwali la maji. Unakodi pikapu, unapakia mitungi nyuma, unaendesha kando ya bahari mpaka uone jiwe lililopakwa rangi ya njano limeandikwa jina, unaegesha, unavaa, unaingia. Sehemu zilizowekwa alama ni zaidi ya 80, na nyingi kati ya hizo unaingia kwa miguu.

Na hapa ndo nataka watu wanielewe, maana karibu mkanganyiko wote wa kupanga safari hii unatokea hapa. Kule Bonaire unalipia uhuru. Hakuna wa kukwambia leo usiingie, hakuna wa kukuhesabia dakika, hakuna wa kukuvuta ukienda chini sana, ni wewe na mwenzako. Kwa hiyo mambo ambayo kwenye boti anayabeba kiongozi, kule unayabeba wewe, na maandalizi yako yaanzie hapo, siyo kwenye hoteli yenye bwawa zuri.

Tuchukue cheti. Watu wanasema leseni ya kuzamia, kama vile ni ya gari, ukishapata umepata. Cheti cha kwanza, kile wanachokiita Open Water, kinasema umefundishwa kuzamia na mwenzako mpaka mita 18. Kinachofuata, Advanced, kinakupeleka mita 30. Hakuna polisi chini ya maji ni kweli, lakini bima ya wazamiaji na akili yako vyote vinaangalia hiyo namba. Na kama mara ya mwisho umezamia ni miaka mitatu iliyopita, fanya marudio kwenu kabla hujasafiri, siyo ufike kule ndo unakumbushwa maski inatolewaje maji. Hata wazoefu wakifika lazima wapewe maelekezo ya hifadhi ya bahari na wafanye mbizi ya kwanza ya majaribio, siyo dharau, ni kukuangalia kama unaelea vizuri au unakanyaga matumbawe.

Mtungi nao. Kila siku nasikia "mtungi wa oksijeni" mpaka kwenye taarifa za habari. Mle ndani mna hewa ya kawaida, hii hii unayovuta sasa hivi, imeshindiliwa tu, oksijeni ni asilimia kama 21 na iliyobaki karibu yote ni naitrojeni. Oksijeni tupu ukiivuta mita ishirini chini inaweza kukuletea degedege na ukafa. Sasa utasikia kule kila mtu anaongelea naitroksi, hiyo ni hewa iliyoongezwa oksijeni, mara nyingi asilimia 32, kwa hiyo naitrojeni imepungua. Watu wanadhani inakupeleka chini zaidi, ni kinyume chake, kwa asilimia 32 mwisho wako ni kama mita 34. Faida yake ni muda, unakaa kwenye kina cha kati dakika nyingi zaidi, na kwa mtu anayezamia mara tatu au nne kwa siku kwa wiki nzima, na Bonaire utafanya hivyo ukipenda usipende, hiyo ni faida kubwa. Ina kosi yake fupi na cheti chake, ifanye mapema.

Kwa nini naitrojeni inatuhangaisha hivyo? Kila mita kumi unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi kilekile cha hewa yote iliyo juu yetu ukiwa ufukweni. Mita ishirini maana yake ni mara tatu ya kawaida. Mwili ukigandamizwa hivyo naitrojeni unayovuta inayeyuka na kuingia kwenye damu na nyama, na haiumi, husikii kitu. Shida ni wakati wa kupanda. Ukipanda polepole inatoka kidogokidogo kupitia mapafu, ukipanda haraka inatoka kwa viputo humohumo mwilini, kwenye viungo, kwenye uti wa mgongo, na mtu anaweza kupooza. Ndo maana kuna kusimama mita tano dakika tatu kabla ya kutoka, na ndo maana kuna ile saa ya mkononi inayohesabu kina na muda wako, ambayo Bonaire usiende bila kuwa nayo, yako mwenyewe, siyo ya mwenzako. Chemba ya presha ya kutibia ipo kisiwani, na ni jambo la kushukuru kwa kisiwa kidogo vile, ila matibabu yake ni ghali kwa hiyo chukua bima ya wazamiaji. Bima ya kawaida ya safari nyingi zinaiacha hiyo kwa maandishi madogo.

Hapo hapo ndo inatoka sheria inayoharibu ratiba za watu: usipande ndege mapema baada ya kuzamia. Ndege angani presha ya ndani inashushwa kama vile umepanda mlima wa mita elfu mbili na kitu, na mwili wako bado una naitrojeni. Baada ya siku kadhaa za kuzamia mfululizo, subiri angalau saa 18, wengi wanaweka 24 kabisa. Kwa hiyo ukinunua tiketi ya siku saba, siku za kuzamia siyo saba, ya kwanza umechoka na saa zimerudi nyuma saba kutoka za Afrika Mashariki, ya mwisho huruhusiwi. Hesabu hivyo kabla hujasema ofa ni nzuri.

Sasa sehemu zenyewe, maana majina yanadanganya. Ile maarufu inaitwa 1000 Steps, yaani ngazi elfu moja, watu wanaogopa bure. Ngazi ni sitini na kitu. Jina linakuja pale unapozipanda kurudi na mtungi mgongoni jua limewaka, hapo utaziona elfu. Kusini kuna Salt Pier, gati la kupakilia chumvi, nguzo zake zimeota sponji na makundi ya samaki yamejificha kivulini, kwangu hiyo inashinda zote, ila meli ikiwa imetia nanga kupakia hairuhusiwi kuingia, chungulia barabarani kabla hujavaa. Alafu kuna meli iliyozama, Hilma Hooker, ya urefu wa mita kama 72. Hii iliingia 1984 ikiwa mbovu, walipoikagua wakakuta bangi kama tani kumi na moja imefichwa nyuma ya ukuta wa uongo, mwenye meli hakujitokeza, na ikiwa inangoja kesi ikaingia maji ikazama tarehe 12 Septemba mwaka huohuo. Imelalia ubavu, chini kabisa ni kama mita 30, kwa hiyo mwenye cheti cha mita 18 ataiona kwa juu tu, na ndani usiingie kama hujasomea.

Ukiwa huko kusini utapita mabwawa ya chumvi ya rangi ya waridi, ukiwa na bahati na heroe, na pembeni vibanda vidogo vya mawe vimejipanga kando ya bahari. Vilijengwa kama 1850, walilala humo watumwa waliochimba chumvi, mtu mzima hasimami wima ndani. Uholanzi ilifuta utumwa kwenye makoloni yake ya Karibiani mwaka 1863. Wazamiaji wengi wanapiga picha wakiwa wamevaa suti nusu kisha wanaondoka. Simama kidogo.

Tuje kwenye ile ada ya dola 40. Bahari yote kuzunguka kisiwa, kuanzia maji yanapofika yakijaa mpaka kina cha mita 60, ni hifadhi tangu 1979, inasimamiwa na taasisi inaitwa STINAPA, na ada inadumu mwaka mzima wa kalenda. Siyo ya wazamiaji peke yao, hata ukiogelea juujuu na snokeli, ule mrija wa kupumulia, unalipa. Uvuvi wa mshale chini ya maji walishaupiga marufuku 1971, na nanga huangushi, boti zinafungwa kwenye maboya. Sisi tunaojua baruti ilivyofanya kwenye matumbawe ya pwani yetu tutaelewa kwa nini samaki wa kule hawakimbii mtu. Glavu haziruhusiwi, maana ukiwa na glavu mkono unashika kila kitu. Mafuta ya jua yenye kemikali za oxybenzone na octinoxate acha nyumbani, vaa fulana ya mikono mirefu. Na tangu 2023 kuna ugonjwa unaokula tishu za matumbawe magumu umeingia, unasambaa Karibiani nzima, kwa hiyo ukiambiwa osha vifaa kwa dawa baada ya mbizi usilete ubishi. Mwamba bado ni mzuri ila usitegemee uwe kama kwenye video za miaka kumi iliyopita.

Vimbunga je? Msimu wake Karibiani ni kuanzia Juni 1 mpaka Novemba 30, na ndo bei zinashuka. Bonaire iko kusini sana, karibu na bara la Amerika Kusini, vimbunga vingi vinapita kaskazini yake. Lakini kusema haiguswi ni uongo. Lenny wa Novemba 1999 alitoka magharibi kwenda mashariki, kinyume na kawaida, mawimbi yakapiga upande uleule uliozoea utulivu na kuvunja matumbawe ya kina kifupi, na Omar wa Oktoba 2008 naye alifanya hivyohivyo. Mimi ningeenda tu huo msimu, maji yana joto la kama nyuzi 28 au 29, ila tiketi na hoteli viwe vya kurudishiwa hela au kubadilisha tarehe.

Pikapu: wanaendesha kulia, kwa Mtanzania na Mkenya hiyo ni kazi, ingawa hamna taa za kuongozea magari kisiwa kizima na foleni ni punda. Ukienda kaskazini kupita 1000 Steps barabara ya pwani ni ya kwenda tu, kurudi unazunguka kupitia kijiji cha Rincon, kwa hiyo panga mbizi zako kwa mfuatano huo. Wizi upo, wa vitu vidogo kwenye magari yaliyoegeshwa wakati mwenyewe yuko chini ya maji, na dawa yake wenyeji wanakwambia bila aibu: usiache kitu chochote, alafu acha milango haijafungwa na vioo vimeshushwa, mtu achungulie aone hamna kitu, asikuvunjie kioo. Viatu vya kuzamia viwe na soli nene kweli. Umeme ni volti 127, chaja za simu hazina neno ila tochi na kamera za 220 peke yake hazitachaji. Maji ya bomba yanatoka baharini yamesafishwa chumvi, yanyweke tu, usinunue ya chupa.

Ile siku ya mwisho ambayo huruhusiwi kuzamia, nenda hifadhi ya Washington Slagbaai huko kaskazini, ipo tangu 1969, na ile ada ya dola 40 uliyolipa inakuingiza na huko pia. Nenda asubuhi maana baadaye mlango hawafungui kwa wapya, barabara ni ya vumbi na mawe, beba maji ya kutosha, na upande wa mashariki unaopigwa na upepo usiingie kuogelea hata maji yakionekana yamekubembeleza.